Fundi Aliyeficha Macho Yake

Ndugu zangu, ninyi mnaomjua Jotham, fundi wa injini za mashua pale Mabanga, mnajua pia kwamba boma lake lilikuwa tulivu. Jumamosi ungemkuta kwenye kigoda, injini imefungwa kwenye pipa la maji, inanguruma na kutoa povu, huku mkewe Wilkista akichambua mboga ya mrenda kando yake. Wageni walishangaa kuona wavuvi wakipakia injini kwenye pikapu kutoka Port Victoria na kuzileta huku kwetu kusiko na ziwa. Sababu ilikuwa moja. Jotham alikuwa amefanya kazi ufuoni miaka kumi na tisa kabla ya kurudi nyumbani, na kabureta iliyopita mikononi mwake haikurudishwa tena.

Hayo yalikuwa kabla ya ugonjwa wa sukari.

Ugonjwa huo ulianza na kiu, ukaja na ukungu machoni. Daktari mmoja wa Kitale alimwambia waziwazi kwamba sukari inamharibia macho, aanze matibabu mara moja na arudi baada ya mwezi. Hakurudi.

"Mama Joy," alimwambia mkewe wakiwa njiani, "hii maneno ibaki kwetu sisi wawili. Wavuvi wakisikia sioni, nani ataniletea injini?"

"Lakini daktari amesema..."

"Daktari hanilishi."

Wilkista akakubali. Tangu siku hiyo akawa macho ya mumewe kwa siri. Alimsomea namba ndogo zilizochorwa kwenye vipuri, akamwokotea skrubu zilizodondoka. Mteja akitokea, alijifanya ameleta chai tu. Nami, jirani yao, sijitoi katika lawama hii. Mara mbili kanisani tulimpa Jotham Biblia asome somo, na mara mbili alisema amesahau miwani. Huyo ni mtu ambaye hatukuwahi kumwona na miwani. Niliona, nikajiambia si shauri langu.

Agosti mwaka jana, binti yao Joy, aliyeolewa Kitale, alijifungua, na Wilkista akaenda kumtunza. Wiki hiyohiyo Kizito, kaka yake Wilkista, akafika na injini iliyokuwa inakohoa kila akifika maji makuu katikati ya ziwa. Alikuja na Kevin, kijana anayevua naye.

Jotham aliifungua kabureta, akaiosha, akapuliza vitundu vyake, akaifunga tena kwa kupapasa. Kwa kweli sehemu hiyo aliitengeneza vizuri. Kisha akashika mpira unaopitisha petroli kutoka kwenye tangi. Alipitisha vidole juu yake, akahisi ni mzima, akaurudisha.

"Mzee, si niangalie hiyo mpira kidogo?" Kevin aliuliza. "Ni ya zamani."

Jotham alikasirika. "Kijana, nilikuwa nafunga injini kabla uzaliwe. Kazi yangu haikaguliwi."

Kizito akacheka. "Wachana na yeye, Kevin. Huyu shemeji anaona mpaka ndani ya chuma."

Wakaijaribu kwenye pipa, ikanguruma safi. Wakaagana.

Sasa sikilizeni. Mpira ule ulikuwa na ufa mwembamba karibu na kiungo chake. Pale kwenye pipa ulikuwa umenyooka, na ufa umejifunga. Ndani ya mashua ulipinda chini ya kiti, ufa ukafunguka, na injini ikaanza kuvuta hewa badala ya petroli. Siku ya tatu, wakirudi na samaki, upepo ulivuma na injini ikazimika. Kizito alivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Mashua ikageuka ubavu, wimbi likaipindua. Kevin alishikilia dumu tupu mpaka wavuvi wengine wakamwokoa. Kizito walimpata asubuhi ya pili, ameshakufa. Aliacha mke na watoto wanne.

Baada ya mazishi Kevin alikuja Mabanga. Mashua ilikuwa imevutwa ufuoni, na yeye alikuwa ameutoa ule mpira. Siku hiyo nilikuwa nimeketi na wafiwa. Aliupinda mbele ya Jotham.

"Mzee, angalia."

Jotham akainama. "Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?" Alinyoosha mkono kuushika mpira, akagusa kifua cha Kevin.

Kevin alimtazama usoni. Sauti yake ikashuka. "Mzee, kumbe huoni?"

Aliyejibu ni Wilkista, akiwa amesimama mlangoni.

"Haoni. Huu ni mwaka wa pili. Na mimi nilijua, Kevin. Nilijua, na nikaenda Kitale bila kumwambia mtu."

Kevin hakupaza sauti. "Ungeniacha tu niangalie, mzee," alisema. Akauweka mpira mezani, akatoka.

Jotham alirudishwa kwa yule daktari akiwa amechelewa. Jicho moja limekufa, la pili linatambua mwanga tu. Karakana imefungwa. Wilkista humshika mkono kumleta kanisani, na mara nyingi mimi humwona mama huyo akilia katikati ya wimbo. Wilkista alikwenda kumwomba msamaha mke wa marehemu kaka yake. Yule mjane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Dada, mngetuambia tu. Tungepeleka injini kwingine, na bado tungekuja kunywa chai kwenu."

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hapa kilio kilitoka boma lingine, kwa watoto ambao hawakuficha lolote. Wapendwa, ugonjwa si aibu. Ukiona mkono wako au jicho lako halitoshi tena kwa kazi inayobeba uhai wa watu, sema, na umpishe mwenzako akague. Mke au mume, usiitunze siri inayoweza kuua. Na sisi majirani, tukimwona mtu ameanza kupapasa, tumuulize mapema. Mimi sikuuliza.