Sumaku Alisaini Ukurasa Mmoja

Injini ilikuwa inanguruma. Begi la Sumaku lilikuwa limeshafungiwa kwenye buti la gari. Kiti cha nyuma alikaa Beki, mwenzake wa timu ya mtaa, miguu yake mirefu imekunjwa mpaka kidevuni. Wakala wa wachezaji, aliyekuwa kwenye usukani, alipiga honi mara ya tatu.

Mama alikuwa bado amemshika Sumaku mkono mlangoni. Alimwuliza mambo yale yale ya jana. Soksi zipo? Kitambulisho kipo? Dawa ya meno?

"Dada, mwachie mtoto," mjomba alisema. "Klabu ya ligi kuu haisubiri watu wakague soksi."

Mjomba ni mdogo wake mama. Anauza makava ya simu karibu na kituo cha mabasi. Tangu wiki iliyopita alikuwa anajiita meneja wa Sumaku. Hakuna aliyempa cheo hicho.

Sumaku alikuwa binti wa miaka ishirini. Alikuwa kipa. Jina la Sumaku alipewa uwanjani, kwa sababu mpira ulikuwa unamganda mikononi. Sasa klabu kubwa ilikuwa imemtaka kwenye timu yake ya wanawake, na alikuwa anaondoka.

Jirani yao wa nyumba ya tatu alikuwa anapita na beseni la jezi kichwani. Mama huyu amefua jezi za klabu hiyo hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Watu wanamwita Povu. Ni kwa sababu ya sabuni, na pia kwa sababu akichoshwa na jambo hanyamazi.

"Ndiyo unaondoka, mwanangu?" Povu aliuliza. "Hongera. Nakala yako ya mkataba umeiweka wapi?"

Sumaku akamtazama mjomba. Mjomba akamtazama wakala. Wakala akatazama saa.

"Iko ofisini," wakala alisema.

"Nimemwuliza mchezaji."

"Sina, mama," Sumaku alisema.

"Lakini uliusoma."

"Nilisaini ukurasa wa mwisho. Huo ndio uliokuwepo."

Ilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita wakala alikuja na mpiga picha, jezi ya klabu na karatasi mbili, moja ya Sumaku na moja ya Beki. Kila karatasi ilikuwa na mistari ya kuweka sahihi, basi. Kurasa nyingine, alisema, zinachapwa. Mpiga picha alikuwa na kazi nyingine saa tatu. Mjomba akasema, saini mwanangu, picha ndiyo muhimu, kurasa zitafuata. Sumaku akasaini. Beki naye akasaini. Kwenye picha wote wanacheka, na mjomba yuko nyuma amenyoosha vidole gumba viwili. Picha hiyo aliituma kwenye makundi kumi na moja ya simu.

Povu alishusha beseni taratibu, kama mtu anayejizuia.

"Kwa hiyo kuna karatasi yenye sahihi yako," alisema. "Na juu yake mtu anaweza kupachika kurasa zozote anazotaka."

"Mama, unanituhumu?" wakala aliuliza.

"Sikutuhumu, baba. Nahesabu kurasa. Nimefika moja."

Mama aliachia mkono wa Sumaku. Akauvuta tena.

"Hapandi," alisema.

"Dada, utamharibia," mjomba alisema.

"Hapandi mpaka asome."

Wakala alisema ana ratiba. Alisema kuna makipa wengi. Beki alichungulia dirishani akasema yeye amechoka kukaa nyumbani, anakwenda. Gari likaondoka. Lilipofika duka la rangi ndipo mjomba akakumbuka begi. Alikimbia mpaka kona. Alirudi na kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, bila begi.

"Meneja," mama alisema, akaingia ndani.

Siku tatu zikapita. Siku ya kwanza wakala alisema mchapaji anaumwa. Siku ya pili wino umekwisha. Siku ya tatu mtandao uko chini. Mama ni fundi cherehani, na simu ilikuwa juu ya cherehani yake. Kila ilipoita bure alikata uzi kwa meno.

"Watatuona wasumbufu," mjomba alisema.

"Si ndio sisi," Povu alisema. "Wewe ulikuwa msikivu Jumamosi. Tumepata nini?"

Sumaku alikuwa amekaa sakafuni, magoti yamekumbatiwa. "Na kama wamechukua kipa mwingine?" aliuliza. "Nafasi kama hii sijawahi kuipata. Labda sitaipata tena."

Povu hakumdanganya. "Inawezekana," alisema. "Lakini mpaka sasa hujui umekubali nini. Mwandikie katibu wa klabu mwenyewe. Usipige. Ukipiga, kesho watasema hukupiga."

Sumaku akaandika: "Naomba nakala kamili ya mkataba wenye sahihi yangu. Nitaripoti kambini nikishausoma." Mjomba alitaka aongeze "kwa unyenyekevu mkubwa." Mama akamtazama tu.

Siku ya nne kurasa zilikuja kwenye simu, zimepigwa picha upande upande. Moja ilikuwa na dole gumba katikati. Ukurasa wa tano haukuwepo. Waliuomba mara mbili. Ulipokuja, dereva wa klabu akaleta na begi, likiwa na taulo lisilo lao.

Wakaenda kuchapisha zote, wakazitandaza juu ya meza ya kukatia nguo. Sumaku alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kila walipokwama, mama alichomeka pini. Walipomaliza kulikuwa na pini kumi na nne.

"Sasa tumpigie anayejua," Povu alisema. Alikuwa na namba ya mwanasheria wa chama cha wachezaji. Alikuwa ameikariri, maana amewapa wengi. Mwanasheria alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini alisikiliza. Wakaweka simu katikati ya meza.

"Nisomee muda," alisema.

Sumaku akasoma. "Miaka miwili. Na klabu inaweza kuongeza miaka miwili mingine kwa hiari yake."

"Hiari ya nani?"

"Ya klabu."

"Na wewe?"

"Mimi sijatajwa."

"Basi wao wana mlango wa kutokea, wewe huna. Omba iandikwe kuwa muda utaongezwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Majeraha je?"

"Mchezaji akikaa nje kwa majeraha zaidi ya siku thelathini, klabu inaweza kuvunja mkataba bila fidia."

Povu alishika kiuno. "Jezi namba saba niliifua msimu mmoja ikiwa imevaliwa na watu watatu," alisema. "Wawili waliumia magoti. Niliuliza wamekwenda wapi. Nikaambiwa, kwao."

"Lini kipa akaumia akapona ndani ya siku thelathini?" mwanasheria alisema. "Omba matibabu na mshahara mpaka apone, au mpaka mkataba uishe. Endelea."

"Wakala aliniahidi chumba cha kuishi," Sumaku alisema. "Na ada ya chuo."

"Vimeandikwa ukurasa wa ngapi?"

Walitafuta. Havikuandikwa popote.

"Kama havimo humo, usivihesabu. Omba viandikwe."

Kwenye ukurasa wa saba walikuta jina la wakala. Mbele yake kulikuwa na maneno: mwakilishi wa klabu.

"Ni wakala wetu," mjomba alisema.

"Klabu ndiyo inayomlipa," mwanasheria alisema. "Hapo imeandikwa. Si kosa awe mtu wa klabu. Kosa ni ninyi kudhani ni mtu wenu. Nani alimpigia mchezaji hesabu upande wake?"

Mjomba akauvuta ukurasa huo, akausoma mwenyewe. Tangu ajiite meneja, ilikuwa mara ya kwanza.

Mwanasheria akawaeleza la kufanya. Wasiseme hawataki mkataba. Waandike kila kifungu wanachotaka kibadilishwe, na maneno wanayotaka yawekwe. Ule ukurasa wa zamani ufutwe kwa maandishi. Mkataba mpya usainiwe kila ukurasa, na pande zote mbili. Pasiachwe nafasi tupu. Nakala waondoke nayo siku hiyo hiyo.

"Na hutapata vyote," alimwambia Sumaku. "Chagua kimoja ambacho bila hicho utarudi nyumbani. Ukifika pale, usikisahau."

"Majeraha," Sumaku alisema, bila kufikiri sana.

Jumatatu walikwenda klabuni. Mjomba alivaa koti. Mama alimwambia akae kwenye benchi la nje, na akakaa, kwa uchungu.

Ofisi ya katibu ilikuwa na pangaboi lenye kelele na kabati la vikombe lililofungwa kwa waya. Katibu alizipokea zile kurasa. Akachomwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Pini," mama alisema. "Ndipo maswali yalipo."

Katibu akapumua kwa nguvu. "Wachezaji ishirini na wawili wamesaini msimu huu. Hakuna aliyekuja na pini."

"Hawana mama fundi," Povu alisema.

"Na wewe ni nani?"

"Jezi yako ya mazoezi ya bluu, ile yenye doa la mafuta begani. Nani alilitoa?"

Katibu akamtazama vizuri. "Mama Povu," alisema, akachoka zaidi.

Kuhusu kuongeza muda alibisha kidogo, kisha akaandika pembeni: makubaliano ya pande mbili. Chumba alikubali, kwa mwaka mmoja. Ada ya chuo alikataa kabisa. Walipofika majeraha aliweka kalamu chini.

"Hicho ni kifungu cha klabu. Kiko kwa kila mtu."

Mama alifungua mdomo. Sumaku akamgusa goti, akaongea yeye.

"Mimi ni kipa," alisema. "Kazi yangu ni kujirusha kwenye miguu ya watu. Nikivunjika nikiwa kazini kwenu, siku ya thelathini na moja mnaniacha. Hicho siwezi kusaini."

"Basi tutatafuta kipa mwingine."

Pangaboi lilipiga kelele. Sumaku alikuwa amekalia mikono yake.

"Tafuteni," alisema.

Katibu akatoka kumpigia mwenyekiti. Walikaa dakika arobaini. Povu alisoma majina ya vikombe vyote. Mama alishona kifungo cha shati la Sumaku, ambacho hakikuwa kimelegea. Mjomba alifungua mlango mara mbili kuuliza kama apige picha. Mara ya pili Povu alisimama, na mjomba akafunga mwenyewe.

Katibu alirudi amekunja uso.

"Mwenyekiti anasema mechi ya kwanza ni wiki ijayo na hana kipa," alisema. "Matibabu na mshahara mpaka upone, au mkataba uishe, lolote litakalotangulia. Kwa majeraha ya mechi na mazoezi tu. Ukianguka kwenye pikipiki huko, shauri yako."

Sumaku alifikiri. "Nakubali," alisema. "Andika na hilo la pikipiki, ili lieleweke."

Mkataba ulichapwa upya. Wino haukuwa umekwisha. Sumaku alisoma kurasa zote tisa huku katibu akigonga meza kwa kidole. Akasaini kila ukurasa. Katibu naye akasaini kila ukurasa.

"Tumemaliza," katibu alisema.

"Bado," mama alisema. "Ule ukurasa wa Jumamosi."

"Uko kwenye faili."

"Utoe."

Ukatolewa. Wakachora mistari miwili juu yake, wakaandika "umefutwa", wakaweka tarehe, na wote wawili wakasaini. Mama akaomba nakala ya huo pia.

"Mama, kwani unafanya kazi wapi?" katibu aliuliza. "Mahakamani?"

"Nashona. Mteja akileta kitambaa cha gauni, naandika kiuno, bega, urefu na siku ya kuchukua. Nasaini, anasaini. Ninyi mlitaka kuchukua binti mzima kwa karatasi moja."

Katibu alifunga faili. Aliwafungulia mlango.

Sumaku aliichezea klabu ile misimu miwili. Kwenye mechi ya tisa alivunjika mfupa wa kiganja, akakaa nje wiki kumi na moja. Klabu ililipa hospitali, na mshahara haukukatika. Mkataba ulipokwisha walitaka aongeze. Hakutaka. Yuko klabu nyingine, kwa mkataba wa kurasa kumi na mbili.

Beki aliumia goti kabla ya msimu kuanza. Siku ya thelathini na tano alipewa barua ya kuachwa. Nakala ya mkataba hakuwa nayo. Chama cha wachezaji kilimsaidia kulalamika, na shauri lilichukua miezi kumi na minne. Alilipwa sehemu. Goti halikurudi sawa. Anafundisha mpira shule ya msingi.

Msimu uliofuata, baada ya barua mbili za chama, klabu iliondoa kifungu cha siku thelathini kwa wachezaji wote. Katibu ni yule yule.

Wakala bado ni wakala. Akija mtaa huu huleta kurasa zote.

Mjomba anauza makava ya simu. Husema yeye ndiye aliyemvumbua Sumaku, lakini haulizwi chochote kuhusu mikataba.

Povu alinunua mashine moja ya kufulia, maana mgongo umekataa kuinama. Wachezaji humletea mikataba yao Jumapili, na huwafokea kwanza kabla ya kuwasomea.

Mama anashona. Mechi nzima ya mpira hajawahi kuangalia.