Waya wa Nne

Jua lilikuwa linazama alipofika kiwandani, laptopu kwapani, viatu vimejaa vumbi la pumba. Mumewe alikuwa amempigia simu mchana kutwa. Mchoro umegoma. Kila akitaka programu itoe namba za nyaya, inatoa nusu, halafu inalalamika.

"Njoo uione mwenyewe," alimwambia. "Mkono wangu ni wa koleo, si wa hayo madude yako."

Tangu waoane walifanya kazi pamoja: mke anachora mifumo ya umeme, mume, ambaye ni fundi, anaifunga. Kiwanda hiki cha kusaga unga kilikuwa cha mtu ambaye wote walimwita Tajiri, na Tajiri ndiye aliyewapa kazi hii baada ya msiba. Mdogo wa fundi huyo, kitinda mimba wa kwao ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Kitinda, alipigwa na umeme mwaka uliopita akiwa kazini kwa Tajiri huyohuyo. Maiti ililetwa nyumbani imeshavishwa sanda. Imeungua, waliambiwa, msifunue. Tajiri alilia makaburini kuliko wafiwa.

Ndani, mashine zilikuwa kimya. Wafanyakazi walishaondoka. Fundi alikuwa amesimama mbele ya boksi kuukuu la chuma kwenye ukuta wa nyuma, tochi ameifunga kichwani.

Mke akakaa juu ya kreti, akafungua laptopu, akatazama kidogo, akacheka.

"Nini?"

"Hili boksi lako. Alama yake ilichorwa na mchoraji wa zamani wa Tajiri, na ni picha tu. Haina pointi za kuungia waya. Ni kama umechora soketi isiyo na matundu, halafu unashangaa plagi haiingii."

"Sasa?"

"Sasa naitoboa. Nisomee pointi zake."

"Tatu. Zote ziko juu."

Akaifungua ile alama, akaiwekea pointi tatu, kila moja na namba yake na upande ambao waya utaingilia. Akahifadhi. Mchoro ukajipanga upya, nyaya zikanasa moja baada ya nyingine, akasikia raha ya kazi iliyokubali. Halafu chini ya kioo yakatokea maandishi mekundu.

Waya wa nne hauna pointi.

Akaukuza mchoro. Kweli, kulikuwa na mstari mwembamba uliotoka chini ya boksi, ukapenya ukuta, ukaishia patupu.

"Baba watoto, hebu angalia chini ya boksi. Kuna tundu?"

Fundi akapiga goti. Akainamisha tochi.

"Lipo. Kuna bomba la waya, linaingia ukutani. Halina kitu."

"Linakwenda wapi?"

"Liende wapi tena? Nyuma ya ukuta huu ni nje."

Mke akarudi kwenye vipimo vya jengo. Alivichukua mwenyewe, nje na ndani. Alipovijumlisha, havikukutana.

"Si nje," alisema. "Kuna nafasi hapo katikati. Upana wa kitanda hivi. Na sikuona mlango popote."

Fundi akachukua springi, ule waya mgumu wa kupitishia nyaya bombani, akaisukuma kwenye tundu. Ikaingia. Ikaingia zaidi. Ikagonga kitu, ikasimama.

Halafu ikavutwa.

Si kwa nguvu. Polepole... kama avutavyo msaidizi anayeijua kazi yake.

Fundi akaiachia kana kwamba imemuunguza. "Umeona?"

"Nimeona."

Springi ikacheza peke yake kwenye mdomo wa bomba. Mivuto miwili mirefu. Mmoja mfupi.

Mke aliijua ishara hiyo. Ilikuwa ya ndugu wawili, mumewe na Kitinda, waliyoitumia juu ya dari ambako sauti hazifiki. Maana yake: nimeshika, lete.

"Tuondoke," alinong'ona. "Baba watoto, tuondoke sasa hivi."

Hakumsikia. Alikuwa anafunga waya mpya kwenye springi. Waya ukaondoka mikononi mwake, taratibu, bila kukwama. Ukasimama. Kisha ukarudishwa.

Ncha yake ilikuwa imemenywa ganda. Nyuzi za shaba zimesokotwa vizuri, zimebana, zikielekea kushoto.

Kitinda alikuwa mashoto.

Harufu ikatoka kwenye tundu. Udongo mbichi. Pumba zilizolowa. Na kitu kingine... nywele zilizoungua.

Fundi akaweka mdomo karibu na bomba. "Kitinda? Mdogo wangu?"

"Usimwite jina!"

Sauti ilitoka nyuma yao. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, viatu kavishika mkononi. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Aliyechora aliacha hapo bila pointi kwa sababu," alisema kwa sauti ya chini. "Niliwaambia mfunge mashine mpya tu. Boksi hilo mngeliacha."

"Nani yuko humo?" mke aliuliza.

"Hamna mtu humo, mama." Akameza mate. "Lakini akiitwa jina ataitika. Na akishaitika hanisikii tena mimi. Wala hatawasikia nyinyi."

Ukutani kukatoka sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa sauti ya koo linalotafuta ulimi na haliupati.

Aaa... aaa...

Fundi akadaka nyundo. Tofali la kwanza likapasuka, la pili likaanguka. Mke akaweka laptopu chini, akayavuta matofali kwa kucha zake, huku akilia bila kujua kwamba analia. Alipogeuka, Tajiri hakuwepo. Viatu vyake vilikuwa vimebaki mlangoni, vimepangwa sawasawa kama nje ya nyumba ya mtu.

Tochi ikaingia kwanza.

Chumba chembamba. Hakuna dirisha, hakuna mlango. Unga umetanda sakafuni, na juu ya unga nyayo za miguu mitupu, kubwa na ndogo, nyingi, zikienda na kurudi kati ya ukuta na ukuta. Hakuna mtu. Springi ilikuwa inaning'inia hewani, usawa wa kifua, bila kushikwa na chochote.

Kisha ikaanguka.

Fundi aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitika.

Tajiri hakuonekana tena mjini. Polisi walikuja, wakapima kile chumba, wakasema ni stoo iliyozibwa. Majirani ndipo wakaanza kukumbuka: mashine zilikuwa zinasaga usiku kucha, na asubuhi magunia yamejaa, lakini hakuna aliyewahi kumjua mtu hata mmoja wa zamu ya usiku.

Fundi akataka kaburi lifukuliwe. Akaenda na mkewe kwa mama yake, wakamkuta amekaa kizingitini, wakamweleza kila kitu. Bibi yule aliwasikiliza hadi mwisho.

"Hapana," alisema.

"Mama, tujue tu."

"Mkifukua mkamkuta, mtakuwa mmemsumbua mwanangu bure. Na mkifukua msimkute..." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Mimi nitalala vipi, baba? Nitalala vipi nikijua yuko mahali anafanyishwa kazi?"

Kaburi halikuguswa.

Ila tangu siku hiyo wakamhamishia mama kwao, na mama hakubali mlango wa mbele ufungwe kwa komeo. Usiku bawaba zikilia, fundi huketi kitandani, mkewe akamshika mkono, wakasikiliza wote wawili.

Mara nyingi ni upepo.