Majivu ya Simfonia ya Tano

Jumanne, tarehe 9 Juni 1953, saa mbili na nusu asubuhi, mtunzi Aubrey Selwood aliingia chumba chake cha kazi, mjini Malvern, Uingereza, akakuta simfonia yake ya tano, utungo mkubwa wa okestra, imekuwa majivu katika meko ya kuotea moto. Miaka miwili ya jasho, masikini mzee wa watu, na okestra ya London ilikuwa ianze kuifanyia mazoezi baada ya wiki tatu.

Sajini Pickersgill alifika saa tatu. Mlango haukuvunjwa. Mezani ilibaki karatasi moja tu, mwanzo wa sehemu ya tarumbeta. Winifred, mke wa Selwood, ndiye aliyekuwa akiwanakilia wapigaji sehemu zao kutoka kwenye muswada, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Sajini mwenyewe alipiga tarumbeta katika bendi ya mji. Akaisoma ile karatasi akiimba puani. Karatasi ikaisha, yeye akaendelea kuimba.

"Ni Garside!" Selwood akafoka. "Mwanafunzi niliyemfukuza. Kwa wivu hajambo yule!"

Saa tano Sajini alimkuta Garside kitandani, mguu uliovunjika umefungwa plasta.

"Ngazi za mzee ningezipanda kwa mbawa?" Garside akauliza, kisha machozi yakamtoka. "Nilikuwa naisubiri hiyo simfonia kuliko mtu yeyote."

Saa tisa alasiri Sajini alirudi, akamwomba Winifred kitabu cha simfonia ya pili, iliyochapishwa mwaka 1929. Akakilaza mezani jikoni kando ya ile karatasi. Nota kwa nota, zilikuwa sawasawa.

"Kipande hiki bendi yetu imekipiga miaka mitano, Bibi Selwood. Adui angeuacha muswada ufike London, watu wacheke. Aliyeuchoma anampenda. Na aliyeusoma ni wewe peke yako."

Winifred akaketi. "Mwanzoni nilidhani anajikumbusha ujana wake. Kufika ukurasa wa arobaini nikaelewa. Ameiandika upya ile ya pili yote, Sajini, na hajui! Juzi aliniita kwa jina la mama yake. Bora alie kwa kuchomewa kuliko kuchekwa."

Sajini akakifunga kitabu. "Nitaandika kwamba muswada uliangukia motoni kwa bahati mbaya."

"Moto, mwezi wa Juni, wakati wa kiangazi?"

"Juni ya Malvern ni baridi, Bibi. Nani atashangaa?"

Mlango wa bustani ukafunguliwa. Selwood aliingia, uso umemchangamka kama kijana.

"Winnie, mpenzi, acha kulia! Nimeipitia yote pale nje. Imo kichwani, haikupotea hata nota moja. Niletee karatasi."

Winifred alimtazama Sajini. Kisha akafuta macho, akaenda kumletea mumewe karatasi.