Rubani Aliyetaka Jina

"Sadini wameoza! Wameoza leo!"

Lopo Barbuda aliacha mvinyo wake mezani, akatoka mbio. Katika Lisboni nzima hakuna mchuuzi anayetangaza kuwa samaki wake wameoza, ila Mécia. Na Mécia, kama Lopo mwenyewe, alikuwa jasusi wa mfalme.

"Wapi?" Lopo aliuliza, akijifanya kuchagua samaki.

"Gatini. Amejichanganya na mahujaji wa Roma. Na acha kuminya samaki wangu, bwana, kama hununui!"

Lopo alikimbia.

Mahujaji walikuwa wengi, wote kofia pana, wote vumbi. Miongoni mwao alijificha Aires Tinoco, rubani aliyeijua njia ya India kama kiganja chake. Venezia, ambayo biashara yake ya pilipili ilikuwa ikifa, ilimtuma tajiri Alvise Bragagin amtoroshe. Aires akipanda merikebu yao, siri ya Ureno imekwenda.

Akikamatwa, ni kitanzi.

Kengele ya adhuhuri ililia. Mahujaji wakainamisha vichwa kusali.

Mmoja aliinua chake, akalipima jua.

Rubani ni rubani tu.

Kisu cha Lopo, cha chuma cha Toledo, kilimgusa mbavuni. "Usigeuke, Aires."

"Lopo? Ndugu yangu, tulikula mkate wa funza pamoja melini!"

"Wamekuahidi nini?"

"Jina. Siku hizi kila mwenye akili anachorwa, anachongwa, anachapwa vitabuni. Kuna rasi niliiona mimi kwanza, mfalme akaipa jina la mtakatifu. Venezia watachapa ramani: Rasi ya Aires. Wewe hutaki dunia ikujue?"

Mama yake Lopo alikufa akiamini mwanawe anauza chumvi.

"Santa Iria inang'oa nanga sasa hivi kwenda India," Lopo alisema. "Rubani wao ana homa. Panda ile, au nipige filimbi walinzi waje."

"Nirudi tena bila jina?"

"Urudi na shingo."

Aires alicheka, macho yamelowa. "Twende wote, basi. Bahari unaipenda kuliko mimi."

"Nani atabaki kuwazuia wajinga kama wewe? Nipe kofia na joho. Nenda!"

Aires alipotea katika umati. Lopo alivaa, akainamisha uso.

Mkono wenye pete ulimshika bega.

"Twende, rubani wangu," Bragagin alinong'ona. "Venezia inaingoja njia yako ya India."

"Njia gani, bwana mkubwa?" Lopo alipaza sauti. "Sema tena, walinzi wasikie!"

Walinzi walisikia. Bragagin alishika upanga wake. Kisu cha Lopo kilikuwa kooni mwake kabla hajauchomoa.

"Na rubani mwenyewe?" mkuu wa walinzi aliuliza.

"Unamwona?"

"Simwoni."

"Basi hayupo."

"Sawa. Na wewe nimtajie mfalme kuwa nani?"

"Hakuna mtu."

Santa Iria ilikuwa imekunjua tanga la kwanza kuelekea mdomo wa mto. Kutoka sitahani mtu alipunga mkono, akapunga tena. Lopo alitia mikono yake mifukoni ili isimjibu, akaupa mto mgongo.

Akapanda mlima wa mji peke yake, polepole, kama mtu asiyengojwa nyumbani.