Utepe wa Kijani

Jumanne, tarehe 9 Mei 2079, saa nne na dakika kumi asubuhi, gari lisilo na dereva liligonga nguzo pale Mlandizi. Vumbi halijatulia, kipimaubongo kimeshashuka kutoka angani. Ni pete ya chuma inayoruka. Inamvaa majeruhi kichwani, inapitisha mawimbi ndani ya fuvu, inamuuliza maswali kumi, kisha inatoa hukumu. Utepe mwekundu, geti la hospitali linafunguka. Wa kijani, nenda nyumbani.

Nyamizi, aliyekuwa ndani ya gari hilo, alifungwa wa kijani. "Mtulivu, mwenye adabu, anajibu vizuri," mashine ilitangaza.

Mumewe, Kasele, alimrudisha nyumbani akishukuru Mungu. Jirani yao Mwinyikondo, fundi cherehani, akaja kutoa pole. Yeye Mzaramo, Nyamizi Mnyamwezi: watani. Miaka ishirini na sita hawajawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Nasikia umepasua kioo cha gari," alianzia mlangoni. "Gari ndilo la kupewa pole. Kichwa cha Mnyamwezi kimebeba mizigo toka bara mpaka pwani, kioo kitu gani?"

Kasele alishajiandaa kucheka. Nyamizi alikunja mikono mapajani. "Ahsante, baba. Karibu ukae."

Mwinyikondo hakukaa. Akajaribu tena, sauti imepungua. "Ukifa sanda nakushonea mimi, na kwa kichwa hicho kitambaa hakitatosha."

"Ahsante, baba."

Akamvuta Kasele nje. "Shemeji, huyu si Nyamizi. Mrudishe sasa hivi."

Geti la hospitali liliusoma utepe, likagoma. Kasele akampigia daktari wa zamu, aliyekuwa ndani, hatua hamsini tu.

"Dalili gani, mzee?"

"Ametukanwa na mtani wake, akashukuru."

"Hiyo ni adabu. Mashine imempa alama zote za adabu."

"Nyamizi hana adabu, daktari. Kwa mtani hana hata chembe."

"Kampumzishe. Kipimo hakijawahi kukosea."

Saa kumi alasiri Nyamizi alikata roho pale pale getini, utepe bado kijani. Mazikoni Mwinyikondo alitakiwa afanye utani, kama ilivyo ada. Badala yake alinyoosha pindo la sanda aliyoishona mwenyewe.

Wakubwa wa hospitali wakaitisha kikao. Wakubwa hawakosi maneno. Walieleza kwa picha ukutani kwamba damu ilivuja taratibu ndani ya fuvu, kwamba asubuhi ilikuwa kidogo mno kuonekana, kwamba taratibu zote zilifuatwa. Geti nalo lilifuata taratibu. Kasele, aliyeishia darasa la nne, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama na ule utepe mkononi.

"Mashine yenu ilimwona dakika tatu," alisema. "Mimi nimekaa naye miaka ishirini na sita. Katika maswali yenu kumi, kwa nini hakuna hata moja la kumuuliza anayemjua: huyu ndiye yule wa jana?"