Gambuti Namba Arobaini na Sita

Haya yalimpata rafiki yangu Borghild, muuza gambuti hapa Bergen. Programu ya stoo iliendelea kuliambia duka lake la mtandaoni kwamba imebaki jozi moja, namba arobaini na sita, wakati hakukuwa na kitu. Wateja walilipia, kisha wakamtukana yeye. Siku moja alijifungia stoo, taa imeungua, akampigia simu fundi wa programu.

“Eivind, utanirekebishia lini? Rafu tupu! Naipapasa kwa mkono wangu!”

“Usinifokee, dada. Huku inasoma moja.”

“Basi njoo uivae wewe!”

“Sikusikii! Mwambie kwanza huyo anayetembea na gambuti nyuma yako atulie.”

Borghild akageuka gizani. Stoo alikuwa peke yake.

“Asante,” Eivind akasema. “Sasa amesimama.”