Luqmani Alipoufuata Uso wa Sabra

Mimi ni Shamte bin Kombo bin Haruni, wa Kanga, Mafia. Babu yangu Haruni aliswalisha katika msikiti wetu hadi kufariki kwake. Baba yangu Kombo alisuluhisha ndoa za watu, wala hukumu yake haikutiliwa shaka. Kwa jina hilo naandika.

Mjukuu wangu Sabra alikutana na Luqmani, fundi mashua wa kisiwa jirani cha Jibondo, harusini. Mapenzi yakakulia simuni. Kabla ya posa, Sabra akaungua shavu kwa mafuta ya moto. Hakumwambia. Luqmani akipiga simu ya video, Sabra huikata na kusingizia mtandao, kisha humtumia picha za zamani.

Ndipo ujumbe wa Luqmani ukaingia: "Kama hutaki nikuone, sema. Wazee wasije na posa."

Sabra akajibu: "Wasije." Akalia hadi macho yakavimba.

Kesho yake Luqmani akabisha hodi nyumbani kwetu.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba. Hukufundishwa kwamba mchumba hakanyagi ukweni kabla ya posa kupokelewa? Kwa hili pekee naweza kukukatalia.

— Nilifundishwa, babu. Unikatalie, lakini kwanza nimsikie mwenyewe.

Nikamwita Sabra. Alitoka amejitanda khanga, limebaki jicho.

— Umefuata nini? Nilikuandikia.

— Niliusoma. Niambie kwa mdomo.

— Wasije.

— Nimekukosea nini?

— Yule wa kwenye picha hayupo tena.

Akaifunua khanga.

Mimi niliyelizoea kovu lile nilitazama chini. Luqmani hakutazama chini. Alisogea, akasita kwa kunistahi.

— Bado inauma?

— Jua likiwa kali tu.

— Unauguza jeraha peke yako, mimi nakutumia vikatuni vya paka?

— Na vilikuwa vibaya.

Wakacheka, machozi yakiwatoka.

— Babu, wazee wangu waje?

— Waje Ijumaa. Wewe ubaki Jibondo; desturi umeivunja ya kutosha.

Walikuja, na ndoa ikafungwa. Namheshimu kijana yule kuliko wengi wa rika langu: alihatarisha posa yake ili amtazame mtu machoni.

Nanyi vijana mnaosoma haya simuni, sikilizeni. Miezi ya ujumbe haikumfikishia Luqmani maumivu ambayo aliyaona kwa mtazamo mmoja. Kama yupo mnayemwambia mnampenda, ondokeni mlipokaa, mkamwone. Siwaombi, nawaagiza.